Kuongoza askari kwenye gemu za mkakati mtandaoni: mpangilio upi wa vitufe, makundi na amri unakufaa?

Anayetaka kuboresha uongozaji wa askari wake kwa kawaida huuliza njia ipi ina kasi zaidi. Jibu la swali hilo halimsaidii sana, kwa kuwa karibu mipangilio yote inayotumika leo ina kasi ya kumtosha mchezaji wa kawaida. Tofauti inaonekana mkono unapoteleza. Kila mpangilio una kosa lake, na makosa hayo hayalingani bei: moja linakula nusu sekunde, jingine linapeleka jeshi zima katikati ya adui likitembea bila kufyatua risasi hata moja. Kwa hiyo njia zinapimwa hapa kwa makosa yake. Mifano mingi inatoka StarCraft II na Age of Empires II: Definitive Edition, lakini gemu nyingine za aina hii zina vitufe vya namna hiyo hiyo na hukosewa vile vile.

Herufi za jina, gridi, au mpangilio wako mwenyewe

Mpangilio wa herufi hufuata jina la amri kwa Kiingereza. Kwenye StarCraft II kushambulia ni A, kusimama S, kushikilia nafasi H, kwenda M, doria P. Uzuri wake ni kwamba mafunzo na video nyingi hutaja vitufe hivi hivi, kwa hiyo unajifunza bila kutafsiri kichwani. Ubaya wake ni umbali. Mkono wa kushoto unakaa kati ya A na namba 1 hadi 5, ilhali H, M na P ziko upande wa pili wa kibodi. Mchezaji anaishia kuepuka amri ya kushikilia nafasi, inayomfaa sana, kwa sababu tu kidole hakifiki.

Gridi haijali majina. Kisanduku cha amri kilicho chini kulia mwa skrini kina safu 3 zenye nafasi 5 kila moja, na safu hizo zinalala juu ya Q W E R T, kisha A S D F G, kisha Z X C V B. Nafasi ya kona ya juu kushoto ni Q, uwe umechagua jengo au askari. Kwa askari, Q inakuwa kwenda, W kusimama, E kushikilia nafasi, R doria na T kushambulia. Mkono hausogei. Ukibadilisha taifa unalochezea, unasoma kisanduku kwa macho na vidole vinajua pa kwenda.

Sasa tazama kosa linalotokea karibu kila mechi. Unataka kuzalisha mfanyakazi, kidole kinakosa namba ya jengo kuu, jeshi limebaki limechaguliwa, nawe unabonyeza kitufe cha mfanyakazi. Kwa herufi, mfanyakazi wa Terran, moja ya mataifa ya StarCraft II, ni S, na S kwa jeshi ni kusimama. Jeshi linasimama pale pale. Likiwa vitani linasita kidogo kisha linaendelea kupiga walio karibu. Likiwa linakimbia, utapoteza wachache. Angalau umeliona kosa. Kwa gridi, mfanyakazi ni Q, na Q kwa jeshi ni kwenda, yaani amri inayosubiri ubofye mahali. Hakuna kinachobadilika mpaka mbofyo wako wa kushoto unaofuata, ambao pengine ulikusudia uchague kitu kingine kabisa. Jeshi linautii na kuanza kutembea huko bila kupigana, na wewe macho yako yako nyumbani.

Kosa la gridi ni ghali zaidi kwa kuwa limejificha, lakini lina dawa nyepesi. Kubofya kulia kunafanya kazi ile ile ya kwenda, kwa hiyo kitufe cha kwenda hukihitaji. Fungua menyu ya vitufe, tengeneza profaili yako kutokana na gridi, ondoa Q kwenye amri ya kwenda na uache nafasi hiyo tupu. Vivyo hivyo kwa R ya doria kama huitumii. Kwa herufi dawa ni ya upande mwingine: sogeza H na P ziwe karibu na mkono, lakini kwanza hakikisha kitufe unachoziwekea hakina amri nyingine kwa askari walewale. Menyu ya StarCraft II huonyesha migongano. Gemu nyingine hunyamaza, na kitufe kimoja kinakuwa na kazi mbili mpaka uligundue hilo vitani.

Mpangilio wa kujitengenezea wote, au ule uliobuniwa na jamii ya wachezaji kama TheCore wa StarCraft II, unaahidi mkono usiochoka na vitufe vilivyopangwa kwa jinsi vinavyotumika. Ahadi hiyo ni ya kweli. Bei yake ni kwamba hauhami. Kila gemu mpya inakuanzisha upya, kompyuta ya mtu mwingine inakuwa ngeni, na sasisho linaloongeza askari au uwezo mpya linaweza kukuachia kitufe kisicho na amri au chenye amri mbili. Tena mtu hawezi kupanga vizuri vitufe kabla ya kujua yeye mwenyewe hubonyeza nini mara nyingi.

Mwenye taifa moja na aliyekwisha zoea herufi abaki nazo na ahamishe vile viwili tu. Anayeanza, au anayeruka kati ya mataifa na gemu mbalimbali, achukue gridi na kuondoa Q. Mpangilio wa kujitengenezea usubiri mpaka utazame marudio ya mechi zako na kuhesabu amri. Ukitumia kibodi ya AZERTY, yaani ya Kifaransa, kuna la ziada: A na Q zimebadilishana nafasi, na namba za juu hutoka kwa Shift, kwa hiyo pima kwanza kama gemu inasoma nafasi ya kitufe au herufi iliyoandikwa juu yake.

Jeshi moja, makundi kwa aina, au makundi kwa mahali

Uamuzi huu ndio unaobadilisha matokeo ya mechi kuliko mwingine wowote. Zamani gemu zenyewe zilimlazimisha mchezaji kugawa jeshi: Warcraft II ya 1995 iliruhusu kuchagua askari 9 kwa pamoja, StarCraft ya 1998 na Warcraft III ya 2002 zikaruhusu 12, Age of Empires II ya 1999 ikaruhusu 40, na toleo lake la Definitive Edition 60. StarCraft II ilipotoka 2010 kizuizi hicho kiliondoka kivitendo. Tangu hapo kugawa ni hiari, na wengi wameamua kutogawa.

| Njia | Inafaa wapi | Kosa lake |
|---|---|---|
| Kitufe kimoja kwa jeshi lote | Mechi fupi, mashambulizi ya mwanzo, mchezaji mpya | Huita hata walinzi na wapelelezi |
| Makundi kwa aina ya askari | Jeshi lenye mizinga au wenye uwezo maalumu | Kundi moja husahaulika nyuma |
| Makundi kwa mahali | Uvamizi wa pande mbili, ulinzi wa vituo vingi | Askari mmoja hujikuta katika makundi mawili |

Kwenye StarCraft II kitufe cha jeshi lote ni F2. Ubaya wake hauonekani unaposhambulia kwa pamoja. Unaonekana pale ulipoacha askari wanne wakilinda mgodi wa mbali na mmoja akipeleleza njia ya adui, kisha ukabonyeza F2 na kubofya mbele. Wote watano wanaondoka. Dakika moja baadaye adui anaingia mgodini na hakuna mtu. Ukitaka kuendelea na F2, itumie kukusanya tu: F2, kisha ondoa wasiohusika kwa Shift na kubofya picha zao kwenye paneli ya chini (Ctrl na Shift pamoja huondoa aina nzima), kisha Ctrl+1. Kuanzia hapo ongoza kwa 1.

Makundi kwa aina huleta faida kubwa unapokuwa na askari wenye kasi tofauti au wenye uwezo maalumu unaoitwa kwa kitufe. Sababu iko kwenye paneli: askari wa aina mbalimbali wakichaguliwa pamoja, kisanduku cha amri huonyesha uwezo wa aina moja tu kwa wakati mmoja, na Tab ndiyo inayohamisha kwenda aina nyingine. Ukibonyeza kitufe cha uwezo wa mlozi wako ilhali paneli iko kwa wapiga risasi, hakuna kinachotokea, au kinatokea cha wapiga risasi. Kwa hiyo wenye uwezo wapewe namba yao hata kama huwezi kugawa kingine chochote. Ndani ya kundi lao StarCraft II inakusaidia, maana mbofyo mmoja humfanya mmoja tu atende. Kwenye StarCraft ya 1998 wote waliochaguliwa walitenda kwa pamoja mahali pale pale na kumwaga nguvu zao bure.

Mgawo unaofanya kazi kwa vidole vya kawaida ni huu: 1 jeshi kuu, 2 wenye uwezo maalumu, 3 mizinga au kikosi cha uvamizi, 4 majengo yanayozalisha askari, 5 jengo kuu. Zaidi ya 5 kidole kinaacha nyumba yake. Ukihitaji la sita, lipe kitufe kilicho kushoto kwa 1, usilipe 6.

Makundi kwa mahali ni ya mtu anayepigana sehemu mbili. Tatizo lake ni uanachama. Ctrl na namba huunda kundi, Shift na namba huongeza, lakini hakuna kati ya hizo inayomtoa askari katika kundi la zamani. Ukichukua sita kutoka 1 na kuwapa 3, bado wako 1. Ukiliamuru kundi la 1 lirudi, wavamizi wako nao wanageuka katikati ya kazi. StarCraft II ina Alt na namba: huunda kundi na papo hapo kuwaondoa askari hao katika makundi mengine, Shift+Alt na namba huwaongeza kwenye kundi lililopo kwa namna hiyo hiyo. Anayegawa kwa mahali bila Alt atahangaika bure, ni afadhali arudi kwenye makundi kwa aina. Kwenye gemu zisizo na amri hiyo, gawa upya yote mawili: chagua waliobaki na uwaandike tena 1 kwa Ctrl.

Askari wapya ndio wanaovuruga njia zote tatu. Sehemu ya kukutania inayowekwa na jengo la kuzalisha kwenye StarCraft II ni mwendo mtupu. Anayetoka kiwandani hutembea mpaka pale bila kumjibu adui njiani. Usiiweke mbele ya jeshi. Iweke nyuma, mahali unapopaona kwa kitufe cha kamera, kisha kila unapopitia: bofya mmoja kwa Ctrl ili aina yake yote iliyo kwenye skrini ichaguliwe, Shift+1, tazama picha kwenye paneli kama hakuna mfanyakazi aliyejipenyeza, endelea. Kuburuta kisanduku cha uchaguzi juu ya eneo zima kunaokoa sekunde moja na ndiko kunakoleta wafanyakazi vitani.

Mwendo mtupu, mwendo wa mashambulizi, doria, kushikilia nafasi

Mwendo mtupu ni kubofya kulia: wanakwenda na hawajibu risasi mpaka wafike. Mwendo wa mashambulizi ni kitufe cha kushambulia kisha kubofya ardhini: wanakwenda na kusimama kumpiga yeyote wanayekutana naye. Kanuni ya kuchagua ni fupi. Kukimbia, kukwepa na kubadili nafasi ni mwendo mtupu. Kila safari nyingine ni ya mashambulizi, hata unapoamini njia ni salama. Kosa la mwendo wa mashambulizi ni dogo lakini linachekesha: ukibofya juu ya askari wako badala ya ardhi, wenzake wanampiga. Bofya sehemu tupu au kwenye ramani ndogo.

Doria nayo hupigana njiani, ila baada ya vita askari hurudi walikotoka na kuzunguka tena. Nzuri kwa mlinzi mmoja, mbaya kwa jeshi linalosonga mbele. Kushikilia nafasi ni kwa mlango mwembamba na kwa wapiga-mbali walio nyuma ya ukuta, ambao bila amri hiyo hutoka kumfuata chambo. Age of Empires II inafanya jambo hili kwa misimamo minne, kutoka wa kushambulia hadi wa kutoshambulia kabisa. Wapiga mishale walioachwa kwenye msimamo wa kushambulia humfuata mpanda farasi mmoja mpaka chini ya ngome ya adui. Wape msimamo wa kusimama imara wanapolinda, na wa kutoshambulia pale tu unapotaka wapite bila kujionyesha.

Halafu kuna piga-sogea: kufyatua, kusogea wakati silaha inajiandaa, kufyatua tena. Ndiyo mbinu inayotamaniwa kuliko zote, na ndiyo inayofundishwa mapema mno. Hesabu inaeleza kwa nini. Marine, mpiga risasi wa Terran kwenye StarCraft II, hupumzika sekunde 0.61 kati ya risasi na kasi yake ni vipimo 3.15 vya ramani kwa sekunde, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi anaweza kusogea vipimo kama 1.9 kati ya risasi mbili, naye hupiga umbali wa vipimo 5. Kila mzunguko una amri mbili, moja ya kusogea na moja ya kushambulia, sawa na amri kama 197 kwa dakika kwa kundi moja tu. Akitumia kichocheo, uwezo unaomwongezea kasi kwa muda, mapumziko hushuka hadi karibu 0.41 na amri hupanda hadi karibu 295. Nani basi anazalisha wafanyakazi?

Mzunguko usio kamili unatosha. Risasi mbili kwa kila hatua moja hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa na bado humweka mbali adui anayepiga kwa karibu. Kinachoharibu ni kuharakisha: amri ya kusogea ikifika kabla risasi haijatoka, risasi inafutwa, na kundi lako linacheza ngoma bila kumdhuru mtu. Ukishindwa kusoma wakati huo, mwendo wa mashambulizi pekee una faida kuliko piga-sogea mbovu. Anza na askari wenye mapumziko marefu, kama wapiga mishale wa Age of Empires II ambao hupumzika sekunde 2. Pale kuna nafasi ya kuona unachofanya.

Safu au huru

Age of Empires II huwatembeza askari kwa safu, na kundi zima hufuata kasi ya aliye mzito kuliko wote. StarCraft II humwacha kila mtu aende kwa kasi yake. Safu hulinda mpangilio lakini huchelewesha farasi wanaotembea na mtambo wa kubomolea kuta. Huru hukuletea wa mbele kabla ya mizinga. Dawa ni ile ile ya makundi kwa aina: wenye kasi moja, namba moja. Kwenye Age of Empires II safu ya kugawanyika pande mbili ina kazi ya pekee, kupasua kundi pale jiwe la manjaniki, mtambo wa kurusha mawe, linapokuwa hewani. Beyond All Reason ina njia ambayo gemu nyingine zingeiga: shika kitufe cha kulia cha kipanya, chora mstari ardhini, askari wanajipanga juu yake.

Kamera

Kubonyeza namba ya kundi mara mbili hukupeleka kwenye kundi. Vitufe vya kamera hukupeleka mahali. Cha kwanza ni cha vita, cha pili ni cha nyumbani. Kwenye StarCraft II, Ctrl na F5 hadi F8 huhifadhi mahali, na F5 hadi F8 zenyewe hurudisha, ila ziko mbali. Zihamishie F1 hadi F4. Ukishaiondoa F2 kwenye kazi ya jeshi lote, umeua ndege wawili kwa jiwe moja.

Yasiyotibika kwa vitufe

Gemu nyingi za aina hii hufanya hesabu ya mechi kwenye kila kompyuta kwa pamoja, kwa hiyo amri yako hupangiwa kutekelezwa zamu moja au zaidi baadaye ili iwafikie wote kwanza. Kucheleweshwa huko ni kwa makusudi. Watengenezaji wa Age of Empires ya 1997 walieleza kwamba wachezaji hawakutambua ucheleweshaji wa milisekunde 250, na waliweza kucheza vizuri hadi 500. Kilichowaudhi ni ucheleweshaji unaopanda na kushuka. Vidole huzoea kuchelewa kulikotulia, na amri hutangulizwa kidogo. Kukitikisika, piga-sogea inakufa kabisa. Kwa hiyo kati ya seva ya karibu kupitia Wi-Fi inayoyumba na seva ya mbali kidogo kupitia waya, waya hushinda. Mtandao ukiwa mbaya siku hiyo, chagua jeshi lisilohitaji kusogezwa kila sekunde.

Kwenye Windows, zima kuongeza kasi kwa kiashiria cha kipanya, ili umbali mmoja wa mkono uwe umbali mmoja wa skrini. Ukiacha, visanduku vya uchaguzi vitakosa mara unapoharakisha. Kibodi za bei nafuu nazo hushindwa kusoma vitufe fulani vitatu kwa pamoja. Jaribu kwenye programu ya kuandikia: shika Shift na A, bonyeza namba moja moja, uone ipi haitoki, kisha usiiweke kundi muhimu.

Mwisho ni migongano ya mfumo wenyewe. Kubonyeza Shift mara tano mfululizo hufungua dirisha la vitufe vinavyonata na kukutoa kwenye gemu; lizime kwenye mipangilio ya ufikivu, sehemu ya kibodi. Na mwenye lugha mbili za kibodi, Alt+Shift hubadilisha lugha, hivyo Shift+Alt na namba, ile amri nzuri ya makundi kwa mahali, inaweza kukuhamisha kwenye mpangilio mwingine wa herufi katikati ya vita bila taarifa yoyote. Ondoa lugha ya ziada au futa njia hiyo ya mkato kabla ya kuanza kuitumia.